Re: Mavi ya chuma kwenye barabara ya mtaa, yanafaa?

Mkuu, umeuliza kama yale mavi ya chuma (mabaki yanayotoka tanuruni chuma kikiyeyushwa) mnayopewa bure na kiwanda cha nondo mnaweza kuyamwaga kwenye barabara yenu ya mtaa badala ya kununua kifusi. Yanafaa, nchi za wenzetu wanayatumia miaka mingi tu, ila msiyamwage yakiwa mabichi aisee.

Shida ni chokaa, mengine yanabaki na chokaa ambayo haijaungana na kitu, ikikutana na maji inavimba. Sisi huku Mbagala tulimwaga ya moto moto kutoka kiwandani tukashindilia vizuri kabisa tukaweka na zege juu, masika ya kwanza tu zege ikanyanyuka vinundu kama mgongo wa mamba, hela ya michango ya watu ikaenda hivyohivyo, mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo yarundikeni nje miezi kadhaa yapigwe mvua na jua, mkiweza muwe mnayamwagia maji, halafu pelekeni sampuli maabara, pale UDSM wanapima, waambieni wapime uvimbaji na CBR, yaani uwezo wake wa kubeba mzigo. Na muwaulize NEMC, wale wa baraza la mazingira, kabla hamjaanza maana mengine yana madini mazito, kama kuna kisima karibu ndo kabisa usiguse bila kupima.

Halafu ni mazito kuliko kokoto za kawaida, fuso ikijaa kwa macho tayari imezidisha, mwambieni dereva mapema.

Udongo wenu ni mchanga au mfinyanzi?