Mnunuzi anataka nifungue pakiti ndipo aamue: jibu langu kwa mleta uzi

Mleta uzi, usifungue. Kama nimekuelewa vizuri, una gari dogo la kuchezea la Hot Wheels ambalo bado limefungwa kwa plastiki kwenye kadi yake, halijaguswa tangu litoke dukani, halafu mtu anataka ulitoe umpigie picha magurudumu ya nyuma ndipo aseme kama ananunua. Ukishaibandua ile plastiki, thamani imeshuka hapo hapo, na yeye bado hajatoa hata senti. Mjibu hivi tu: "Gari linauzwa likiwa limefungwa. Picha za kadi pande zote hizi hapa." Ukianza kujieleza kwa nini hufungui, unampa pa kushika, na mtabishana mpaka asubuhi.

Nimeuza magari madogo na wanasesere wa zamani mtandaoni kwa miaka sasa, na ombi likiingia naangalia kwanza linahusu nini. Mkusanyaji wa kweli anauliza juu ya kitu chenyewe. Anaweza kukuchosha kweli kweli. Atataka picha ya riveti, zile pini zinazolishikilia gari kwa chini, kwa sababu gari lililofumuliwa na kupakwa rangi upya kwa kawaida riveti zake huwa zimetobolewa kwa drili. Atauliza kama goti la mwanasesere limelegea, kama kibandiko ni cha kiwandani au kimechapishwa juzi, kama kitu kilikaa kwenye nyumba ya wavuta sigara. Hayo yote mimi najibu, hata akiuliza mara ya pili. Anayeomba mambo ya ajabu hana haja sana na kitu. Anataka ubadilishe masharti: tulipane pembeni, andika hivi, nihakikishie vile, nitumie kwanza.

Kuna mmoja alitaka Barbie niliyemtangaza wazi kuwa ni wa miaka ya 1990. Mgongoni ana muhuri wa Mattel, kampuni inayomtengeneza, na mwaka 1966. Wanaozijua Barbie wanajua huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la mwili, si mwaka wa kutengenezwa, na umbo hilo liliendelea kutumika kwa miongo mingi. Huyu bwana alilijua hilo fika. Alichotaka ni nimwandikie kwenye lisiti "Barbie wa 1966", na alikuwa tayari kuniongezea hela. Maana yake alikuwa anatafuta karatasi ya kwenda kumdanganyia mtu mwingine, yenye jina langu chini. Nilimwambia lisiti itasema kile tangazo linachosema. Akapotea.

Wengine wanataka dhamana ya kitu usichokiamua wewe. AFA, wale wanaopima hali ya vitu hivi na kuvifungia kwenye boksi gumu la plastiki, wana kipimo kinachoishia 100, na wakusanyaji wengi wanaota 85 kwenda juu. Sasa mtu anakuuliza, "Unanihakikishia itapata 85, la sivyo unanirudishia?" Huo si mnada tena, hiyo ni kamari na hela ni zako. Onyesha picha za kona zote nne na ukingo wa plastiki, akadirie mwenyewe.

La kuandika "zawadi" kwenye fomu ya forodha, au kushusha thamani ili asilipe ushuru, sijadili kabisa. Ni tamko la uongo na aliyetia sahihi ni wewe. Tena mzigo ukipotea, fidia itaangalia thamani uliyoandika, halafu huyo huyo atakudai bei kamili.

Kwenye malipo ndiko watu wengi wanakoumia. Mtu amelipa kwa PayPal, halafu anakuandikia, "Nimehama, tuma kwa anwani hii nyingine." Usitume. Ulinzi wa muuzaji wa PayPal unataka mzigo uende kwenye anwani iliyoonekana kwenye muamala. Mrudishie hela, alipe upya kwa anwani sahihi. Aliye mkweli atalalamika kidogo kisha atalipa.

Baada ya mzigo kufika kuna ombi ambalo huja kwa sauti ya upole sana: "Nimependa, ila kona ya boksi imebonyea, nirudishie nusu nisikusumbue." Kwenye eBay, mtandao wa kuuziana vitu, muuzaji hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya, hilo liliondolewa mwaka 2008, kwa hiyo wengine wanajua unaogopa alama yako mwenyewe. Mimi simpi nusu. Namwambia arudishe kitu kizima, kikifika kama kilivyotoka nitamrudishia hela yote. Wengi wanaishia hapo, maana walitaka kitu na hela vyote viwili. Akikutishia kuwa usipompa atakuandika vibaya, mwache aandike hayo ndani ya ujumbe wa mtandao ule ule, kisha uripoti. Kulazimisha marejesho kwa kutishia maoni mabaya wanakataza.

Akikubali kurudisha, kuna hatari nyingine: anakurudishia kibovu chake na kubaki na kizuri chako. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga hawakukosea. Kabla ya kufunga napiga picha ya kitu kwa karibu, nikitafuta alama ambayo haiwezi kuwa kwenye kingine: tone la rangi lililovuka mstari juu ya gurudumu, mkwaruzo kwenye kioo, msimbo uliogongwa chini ya gari. Aliwahi kunirudia mwanasesere mwenye nywele zilizokatwa ukingoni, wakati picha zangu zilionyesha nywele zimefika kiunoni na kidoti cha wino nyuma ya sikio la kushoto. Huyu aliyerudi sikio lilikuwa safi kabisa. Niliweka picha mbili kando kando kwenye shauri la malalamiko pale mtandaoni, bila tusi wala hadithi, na nikashinda.

Wanaoomba uwawekee "mpaka mwisho wa mwezi" bila kutanguliza chochote, wape siku mbili tangazo likiwa bado wazi. Anayekuja na bei ya nusu na kisa cha mtoto mgonjwa, bofya kukataa, usijibu kisa.

Sasa huyo wako. Akirudi na kusema basi atachukua likiwa limefungwa, mimi bado nisingemuuzia, kwa sababu likishafika ataifungua pakiti, ataangalia hayo magurudumu, na ndipo atakapodai hela yake wakati kadi imeshachanika. Kama umeamua kumuuzia, andika kwenye tangazo kuwa pakiti ikifunguliwa kitu hakirudi katika hali kilichouzwa, mfanye akiri kwa ujumbe kabla ya kulipa, weka kadi kwenye kasha gumu, na tuma kwa namba ya kufuatilia. Wengine tunamweka kwenye orodha ya waliozuiwa na tunasubiri anayefuata.