Ukamilifu ni wa Mungu: Maswali Yenu Kuhusu Kasoro za Makusudi katika Mazulia

Muuzaji wa mazulia aliniambia kwamba mafundi wa Iran huacha kosa moja kwa makusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Je, dini imewaagiza hivyo? (Msomaji, Muscat)

Maelezo hayo yameenea mno, na imani inayoyabeba ni ya kweli kabisa, kwani Sura ya Al-Mulk, katika aya ya 3, inamtaka mwanadamu azitazame mbingu, kisha arudishe jicho lake aone kama atapata dosari yoyote katika uumbaji wa Mwingi wa Rehema. Hata hivyo, hakuna aya inayomwagiza mfumaji akosee. Kinyume chake, hadithi inayonukuliwa sana juu ya kazi, ambayo mkusanyaji wa hadithi al-Bayhaqi ameipokea kutoka kwa Bibi Aisha, inasema kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mmoja wenu anapofanya kazi aifanye kwa ustadi. Kwa hiyo mimi huichukulia desturi hii kuwa ni adabu ya mafundi na simulizi ya masoko yao, wala si hukumu ya dini.

Niongeze jambo moja linalonigusa. Mtu anayetia kosa moja ili asijifananishe na Mola wake amekwisha kudhani kwamba pasipo kosa hilo kazi yake ingekamilika. Washairi wetu wa tenzi walishika njia nyingine: walijitahidi vina na mizani vitimie, kisha katika beti za mwisho wakamwomba msomaji awasamehe walipoteleza na awasahihishe. Naona unyenyekevu huo una uzito zaidi.

Je, lipo zulia maarufu ambalo kasoro yake inajulikana? (Msomaji, Nairobi)

Lipo, nalo ni zulia la Ardabil, lililohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London, ambalo lililinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000. Urefu wake ni zaidi ya meta 10 na upana wake ni zaidi ya meta 5, na mafundo yake yanakadiriwa kufikia milioni 26, kila moja likiwa limefungwa kwa mkono kwenye nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu) na kukazwa kwa mshindio (uzi unaokwenda kwa upana). Pembezoni mwa zulia yamefumwa maandishi yanayotaja mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 hadi 1540, pamoja na jina la Maqsud wa Kashan, anayejiita mtumwa wa kizingiti.

Katikati ya zulia pana duara kubwa lenye umbo la jua, na kutoka hapo zinaning'inia taa mbili za msikitini, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Taa hizo hazilingani: moja ni kubwa kuliko mwenzake. Wapo wanaosema kwamba fundi alikusudia mtu aliyeketi karibu na taa ndogo azione zote mbili kuwa sawa. Tatizo la maelezo hayo ni kwamba mbinu hiyo ya kuona haijulikani katika sanaa ya Iran ya miaka ile, na tena taa zenyewe zimechorwa kana kwamba zinatazamwa kwa ubavu. Wengine wanasema hiyo ndiyo kasoro ya makusudi tunayoizungumzia. Jambo moja nina hakika nalo: tofauti kubwa kiasi hicho, katika kazi iliyopangwa kwa hesabu ya fundo kwa fundo, haikutokea kwa kupitiwa. Nia yake, hata hivyo, haikuandikwa popote kwenye zulia.

Zulia langu ni jekundu, lakini mahali fulani wekundu unafifia na kuwa kama ufito unaokatiza upande hadi upande. Je, ndiyo alama ya unyenyekevu? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Wanaofanya biashara hii huita hali hiyo *abrash*. Sufi hutiwa rangi kidogo kidogo, na hasa kwa wafumaji wanaohamahama na mifugo yao sufuria ya leo hailingani na ya mwezi ujao, kwa kuwa maji yamebadilika au mizizi ya rangi haikuwa na nguvu ileile. Uzi wa awali unapokwisha, mfumaji huendelea na uliopo, na mpaka huo huonekana. Muuzaji akikuongezea bei kwa madai kwamba ufito huo una maana ya kidini, usikubali.

Je, inafaa kusali juu ya zulia lenye kosa? (Msomaji, Mombasa)

Inafaa, mradi ni safi. Lililo la kuangaliwa zaidi ni nakshi zenyewe: Mtume (S.A.W.) alisali akiwa na vazi lenye mapambo, likamshughulisha, akaagiza lipelekwe kwa sahaba wake Abu Jahm na aletewe lake lisilo na mapambo.

Nimesoma kwamba Wanavajo wa Marekani nao huacha kosa. Je, maana ni ileile? (Msomaji, Dar es Salaam)

Maana ni nyingine kabisa, na inasikitisha kwamba mara nyingi huchanganywa. Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani ambao hujiita Diné, husimulia kwamba ufumaji walifundishwa na Mwanamke Buibui, kiumbe mtakatifu wa masimulizi yao. Mwishoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara waliwahimiza kufuma mazulia yenye fremu pande zote, yafanane na yale ya Mashariki yaliyopendwa na wanunuzi wa mijini. Baadhi ya wafumaji waliona kwamba fremu iliyofungwa huyazuia ndani mawazo na nguvu za mfumaji, hata ashindwe kufuma zulia jingine. Kwa hiyo hupitisha uzi mwembamba, wenye rangi ya uwanja wa kati, ukakata fremu hadi ukingoni, mara nyingi karibu na pembe ya juu kulia.

Hilo si kosa hata kidogo, bali ni njia ya kutokea, na hufumwa kwa uangalifu uleule wa sehemu nyingine. Si kila mfumaji huiweka. Ukilipata zulia la namna hiyo, usimpe fundi alishone uzi huo ufichike.