Waziri Akihamishwa, Jalada Libaki Mezani

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi wizara za sayansi, nimewaona tena. Baraza limepanguliwa jioni, asubuhi majalada yamefungwa na mnaandika dokezo la mradi mpya wa kumpendeza Mheshimiwa mpya. Nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha.

1. Someni safari ya Naledi Pandor wa Afrika Kusini. Mei 2012, ilipotangazwa kuwa darubini ya redio ya SKA, mtandao wa antena za kunasa mawimbi ya redio kutoka angani, itajengwa Afrika Kusini na Australia, waziri wa sayansi alikuwa yeye, na sifa anastahili. Ila lifungueni jalada tangu mwanzo. Nchi ile ilionyesha nia mwaka 2003, waziri akiwa Ben Ngubane wa chama cha Inkatha. Akapokea Mosibudi Mangena wa AZAPO, aliyewahi kufungwa Robben Island. Enzi yake, mwaka 2007, ikapatikana sheria ya kuilinda Karoo, nyika kame ya kujengea antena hizo, na mwingiliano wa mawimbi ya redio. Pandor wa ANC aliingia 2009. Vyama vitatu, jalada moja! Mwaka uleule wa ushindi wa SKA, 2012, akapelekwa Mambo ya Ndani, Derek Hanekom akashika usukani. Mama akarudi 2014, antena za MeerKAT, darubini tangulizi ya SKA, zimeanza kusimama. Zilipozinduliwa zote 64, Julai 2018, yeye alikwishahamia Elimu ya Juu.

Sasa afisa mmoja pale Pretoria angelifunga jalada lile mwaka 2004 ili bosi mpya aanze na lake, sheria ya 2007 ingeandikwa na nani? Na Kenya, mmoja wa washirika wanane wa Kiafrika katika mradi huo, ingeshirikiana na nani? Mkifunga jalada mnawafungia hata majirani.

2. Dokezo lisizidi kurasa mbili.

3. Acheni kunong'ona, "Huyu kasomea sayansi gani?" Pandor ni mwalimu, ana uzamili wa isimu. Kazi ya waziri ni kulipigania fungu lenu Hazina na kujibu maswali ya nyongeza bungeni. Antena mweleweshe ninyi. Juzi mmoja wenu alipeleka dokezo limejaa milinganyo, likarudi na swali moja pembezoni: "Mwananchi anapata nini?" Kijana akanuna. Swali lilikuwa sahihi kabisa, na jibu lake lilikuwamo kwenye jalada alilolifunga wiki iliyotangulia.

Kwa hiyo kesho, kabla ya makabidhiano, nendeni masijala mkaombe majalada ya miaka kumi nyuma. Mama wa pale anayajua kuliko mimi. Mwamkieni vizuri.