Gemu imepauka, vivuli havina kina: anza kwenye kebo, filta zije mwisho

Mgeni wa gemu za kompyuta akiona gemu yake imepauka, nyeusi imekuwa kijivu na picha nzima iko kama imefunikwa na ukungu, hukimbilia filta za rangi. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Picha ina safari kabla ya kukufikia machoni: gemu inaichora, Windows inaipokea, draiva ya kadi ya grafiki inaipitisha kwenye kebo, na monita ndiyo inayoionyesha. Kosa lililo mwisho wa safari hiyo huwezi kulitibu kwa kuchezea mwanzo wake. Tafuta kwanza limekaa wapi.

Kipimo ni rahisi. Zima HDR (modi inayopanua tofauti ya mwanga na giza kwenye picha), piga picha ya skrini ukiwa sehemu yenye giza ndani ya gemu, itume kwenye simu uitazame. Ikiwa kwenye simu nyeusi ni nyeusi kweli, gemu haina kosa. Kagua draiva, kebo na monita. Ikiwa imepauka vilevile, kosa liko ndani ya gemu. HDR lazima izimwe kwa sababu picha iliyopigwa ikiwa imewashwa mara nyingi hutoka imepauka yenyewe, na kipimo chote kitakudanganya.

Kosa linaloongoza ni hili. Kompyuta huhesabu kila rangi kuanzia 0, nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Video za runinga hutumia hesabu fupi, 16 hadi 235. Ukiunganisha kwa HDMI, hasa kwenye runinga unayoitumia kama monita, kadi inaweza kuchagua hesabu fupi bila kukuuliza. Monita inayosubiri 0 inapokea 16, na 16 kwake ni kijivu. Nyeupe nayo inaishia 235, imefifia.

Kwa kadi za NVIDIA, bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye desktopu, fungua NVIDIA Control Panel, ingia "Change resolution", shuka chini kabisa uchague "Use NVIDIA color settings". Weka "Output color format" iwe RGB, halafu "Output dynamic range" iwe Full, yaani 0 hadi 255, ubofye Apply. Full ikikosekana kwenye orodha, angalia kama "Output color format" bado iko kwenye YCbCr, muundo mwingine wa rangi. Badilisha hiyo kwanza. Kwa AMD, fungua AMD Software, gusa alama ya gia, ingia Display, na kwenye "Pixel Format" chagua RGB 4:4:4 yenye maneno Full RGB. Kila ukisasisha draiva rudi ukague, maana setingi hii hupenda kujirudisha ilikotoka.

Pande zote mbili lazima zikubaliane. Baada ya kuweka Full, nywele za mhusika na koti lake jeusi zikigeuka doa moja lisilo na mikunjo, runinga bado inasubiri hesabu fupi. Tafuta setingi ya kiwango cha nyeusi: kwenye Samsung iweke Normal, kwenye LG iweke High.

Sasa utaona kwa nini filta haikusaidii hapa. ReShade, programu ya kuongeza filta kwenye gemu, ina filta iitwayo Levels, na wengi huiwasha ikate chini ya 16 na juu ya 235. Lakini ReShade hufanya kazi ndani ya gemu, kabla draiva haijabana rangi. Filta inashusha giza hadi 0, draiva inalipandisha tena hadi 16 njiani. Unabaki na kijivu kilekile, na mikunjo ya koti umeipoteza bure.

Upande wa monita, kagua kitu kinachoitwa Black eQualizer kwa BenQ, Shadow Boost kwa ASUS, au Black Stabilizer kwa LG. Kazi yake ni kuangaza giza ili umwone adui aliyejificha, na modi ya FPS (ya gemu za kupiga risasi) mara nyingi huja nayo imepandishwa. Kwa gemu ya hadithi ishushe. Paneli ya monita ya aina ya IPS nayo ina kontrasti (tofauti ya nyeupe na nyeusi) ya takriban 1000:1, kwa hiyo ndani ya chumba chenye giza nyeusi yake itaonekana kijivu kidogo hata ukipanga kila kitu sawasawa. Paneli ya aina ya VA hufika kama 3000:1.

HDR kwenye monita ya bei nafuu yenye nembo ya DisplayHDR 400 huleta hasara kubwa kuliko faida, kwa sababu nembo hiyo haidai taa za nyuma zinazozimika sehemu kwa sehemu. Bonyeza Win + Alt + B kuiwasha na kuizima, ulinganishe kwa macho.

Kosa likiwa ndani ya gemu, anza na gama, setingi ya mwangaza wa picha. Ile nembo ya majaribio unayoonyeshwa unapoipanga ionekane kwa shida, kama maelekezo yanavyosema. Ukipandisha gama kwa sababu jua linapiga kioo cha monita, vivuli vyote vitakufa. Funga pazia badala yake.

Vivuli bapa mara nyingi ni upungufu wa ambient occlusion, yaani vile vivuli hafifu vya pale vitu vinapogusana. Tazama sufuria juu ya meza: bila hivyo inaelea, kitako hakijakaa kwenye mbao. Iwashe kabla hujagusa ubora wa vivuli vikubwa.

Gemu ya Skyrim Special Edition inafundisha vizuri. Fungua Documents, My Games, folda ya gemu, unakili faili la SkyrimPrefs.ini pembeni, halafu lihariri. Hakikisha bSAOEnable=1, ndiyo inayowasha ambient occlusion. Kisha tazama iShadowMapResolution na fShadowDistance kwa pamoja: ya kwanza ni ukubwa wa shuka la vivuli, ya pili ni umbali ambao shuka hilo linavutwa. Piseli 4096 zikivutwa hadi 10000, kivuli kilicho miguuni pako kinakuwa na meno. Shusha umbali hadi 5000 na kinanyooka, bila kuongeza mzigo kwa kadi. Gharama ni kwamba miti ya mbali itakosa vivuli. Ukifungua launcha (kidirisha cha kuanzishia gemu) na kubadilisha ubora, namba zako zinaweza kuandikwa upya.

Gemu isiyo na ambient occlusion kabisa ndiyo inayostahili ReShade, kwa filta ya MXAO. Filta hiyo inahitaji data ya kina, yaani umbali wa kila kitu kutoka kwako, kwa hiyo washa filta ya DisplayDepth kwanza: vya karibu viwe vyeusi, vya mbali vyeupe. Vikiwa kinyume, badilisha RESHADE_DEPTH_INPUT_IS_REVERSED. Skrini ikiwa tupu, zima MSAA (setingi ya gemu ya kulainisha kingo). Kwenye gemu za mtandaoni acha ReShade kabisa. Toleo lake la kawaida hufunga data ya kina humo, na mifumo ya kuzuia wadanganyifu inaweza kufungia akaunti yako.