Jibu: Nimeokoka, niache nyimbo za Kikatoliki?

Ndugu, umeuliza kama ukishahama Katoliki ni lazima uache nyimbo zote ulizokua nazo. Hapana bwana. "Usiku Mtakatifu" ambao walokole wanauimba kila Krismasi, maneno yake yaliandikwa 1816 na padri Mkatoliki wa Austria, Joseph Mohr. Mbona hakuna anayeukemea?

Wewe pima maneno. Zitakazokukwaza ni zile za kumwomba Bikira Maria atuombee, maana huko uliko wanashikilia 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja. Za Zaburi imba tu.

Kitakachokusumbua zaidi ni kelele za spika, wewe uliyezoea kwaya ya sauti nne! Tafuta Tenzi za Rohoni, anza na "Mwamba wenye imara". Na mama akianzisha za parokiani nyumbani, mwitikie.