Kwa mnaoanza kazi ya sauti redioni: hesabuni faili limebanwa mara ngapi

Mwaka wangu wa pili kazini tulirekodi kikundi cha taarabu studio. Walifika saa tatu asubuhi: fidla mbili, udi, dumbaki, waitikiaji wanne, na mzee mmoja mpigaji wa kanuni, ala ya nyuzi za kudonolewa, aliyekaa karibu saa nzima akikaza nyuzi zake, zaidi ya 70, kabla hajakubali tuanze. Tulipata nyimbo sita. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa, nikaambiwa nipunguze mafaili. Nikazigeuza nyimbo zote kuwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, nikazisikiliza kwa spika ndogo za mezani huku feni ikinguruma, nikaona ni zilezile, nikafuta WAV, yaani mafaili ya asili ambayo hayajabanwa.

Mzee alipofariki, watoto wake walikuja kuomba nakala. Safari hii nikazisikiliza kwa hedifoni nzuri. Kila alipodonoa uzi, mlio ulitanguliwa na mchakacho mdogo, kama mtu anayepitisha kidole kwenye mchanga, ndipo uzi ukalia, nao umelia butu. Vigelegele vya mwisho wa wimbo wa tatu vilikuwa vimegeuka maji yanayochuruzika. Watoto walishukuru, wakaondoka na flashi yao. Mimi nilijua walichobeba, na nilijua hakuna programu ya kurudisha kilichotoka.

Wadogo zangu mnaoingia kazini sasa, nawaandikia ili msije mkafuta nilichofuta.

Tuanze na hesabu. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Zidisheni mtapata biti 1,411,200 kwa sekunde. MP3 ya 128 hubakiza biti 128,000, yaani katika kila mafungu kumi na moja umebaki na moja. Dakika moja ya WAV hula megabaiti 10 na ushee, ya MP3 hiyo haifiki hata moja. Sehemu kubwa ya sauti imetolewa nje, na ukilifungua faili upya hairudi.

Kinachotolewa hakichaguliwi ovyo. Sikio lina tabia yake: mlio mkubwa huuficha mdogo ulio karibu nao. Simama kando ya barabara lori likipanda mlima, mwenzako akikunong'oneza utaona midomo tu. Kodeki, yaani programu inayobana sauti na kuifungua, hupiga hesabu ya vyote vinavyofichwa hivyo, ikavipunguzia biti au ikaviacha kabisa. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa Wajerumani walioiunda MP3, aliijaribu kazi yake kwa "Tom's Diner" ya Suzanne Vega, wimbo wa sauti ya mwanamke peke yake bila ala yoyote, na mwanzoni sauti ile iliharibika vibaya. Sauti iliyo peke yake haina lori la kujifichia. Msomaji wa taarifa ya habari naye hana, kwa hiyo msiamini mkiambiwa kwamba maneno matupu hayahitaji biti za maana.

Kanuni iliharibika kwa sababu nyingine. Kodeki huikata sauti vipande. Katika MP3 kipande kirefu huchukua takriban milisekunde 26. Makosa ya kubana husambaa kipande kizima. Kipande kikianza na kimya na mdonoo ukaja katikati, makosa yanajaa hadi kwenye kile kimya, na unasikia kivuli cha mlio kabla ya mlio. Kodeki hujaribu kukata vipande vifupi panapotokea mshtuko wa ghafla, lakini vipande vifupi vinataka biti nyingi, na kwa 128 haziwezi kutosha kila mdonoo wa mpigaji mwenye mkono mwepesi. Ndiyo maana mkitaka kuipima kodeki, wacheni nyimbo zilizojaa besi na kinanda cha kompyuta. Tumieni kanuni, makofi, vigelegele. Tumieni kayamba hasa, maana ni mamia ya mbegu, kila moja inagonga kwa wakati wake, na kodeki haipati pa kupunguzia.

Kuna zoezi ninalompa kila anayeletwa kwangu. Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, weka WAV ya kayamba kwenye mstari wa juu. Ihifadhi kando kama MP3 ya 128, kisha iingize hiyo MP3 kwenye mstari wa chini. Kuza picha ya mawimbi mpaka uone kila nundu, usogeze mstari wa chini mpaka nundu zilingane sawasawa, maana mara nyingi MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni. Sasa upindue mstari mmoja, juu iwe chini, ucheze mistari yote miwili kwa pamoja. Kinachofanana kinafutana, na unachobaki kusikia ni tofauti kati ya sauti uliyorekodi na sauti uliyohifadhi. Mara ya kwanza watu hushtuka. Unasikia kayamba nyingine nzima, ya kizimwi, inacheza mdundo uleule. Msikimbilie kusema basi MP3 ni wizi. Ndani ya wimbo kamili sehemu kubwa ya kizimwi hicho ilikuwa imefichwa na milio mikubwa, na hiyo ndiyo ahadi ya kodeki. Swali la kazi yetu ni nani ataivunja ahadi hiyo mbele ya safari.

Mvunjaji wa kwanza ni sisi wenyewe, kwa kubana kilichokwisha kubanwa. Fuateni ripoti moja tu. Mwandishi wa mkoani anabonyeza alama ya maikrofoni kwenye WhatsApp na kusimulia. Hapo Opus, kodeki ya WhatsApp, imebana mara ya kwanza. Fundi anaikata na kuihifadhi kama MP3, mara ya pili. Mfumo wa kurushia vipindi umepangwa kutunza kila kitu kwa MP2, kodeki nyingine, mara ya tatu. Kiungo cha kutoka studio hadi mnarani kina kodeki yake, mara ya nne, ndipo inaingia hewani kwa FM. Msikilizaji wa Muscat au Minneapolis hapiti mnarani. Yeye anapata matangazo ya intaneti yaliyobanwa kwa AAC, kodeki nyingine tena, halafu simu yake inaibana tena ili kuituma kwenye spika ya bluetooth. Kwake ni mara tano. Kila kodeki hudhani kilicho mbele yake ndicho cha asili, kwa hiyo biti chache ilizopewa inazitumia kuyatunza makosa ya iliyotangulia, kisha inaongeza yake.

Dawa yake si ghali. Mwambieni mwandishi arekodi kwa programu ya kurekodi ya simu, si kwa kitufe cha WhatsApp, na atume kama hati ya kawaida, ili faili lifike kama lilivyo. Ripoti ya dakika tatu kwa WAV ya mono, yaani ya njia moja, ni kama megabaiti 16. Kama bando halitoshi, atume AAC ya kilobiti 96 au zaidi kwa mono, nanyi mkishaipokea igeuzeni WAV, mkate, mpange, mchanganye ndani ya WAV hiyo hiyo, mpaka mwisho. Kuigeuza WAV hakurudishi kilichopotea. Kunazuia kisipotee kingine.

Mvunjaji wa pili wengi hawamfahamu, na ndiye aliyeniponza mara nyingi kuliko wote. Neno kubana kwetu lina maana mbili, na wageni huzichanganya. Kuna kubana faili, ambako tumekuwa tukikuzungumzia. Na kuna kazi ya kompresa, ambayo haigusi ukubwa wa faili: hushusha milio mikubwa na kuipandisha midogo ili mtu aliye kwenye daladala asikie yote. Karibu kila kituo cha FM kina prosesa ya namna hiyo kabla ya transmita, nayo huigawa sauti mikanda, ya besi, ya kati, ya juu, ikaisukuma kila mmoja peke yake.

Sasa tazameni kinachotokea. Kodeki iliacha uchafu mdogo kwenye milio ya juu kwa kuamini kwamba besi kubwa na sauti ya mwimbaji zitauficha. Prosesa inaona mkanda wa juu una sauti ndogo, inaupandisha pamoja na uchafu wake, huku ikiishusha besi iliyokuwa inauficha. Kilichofichwa kimeanikwa. Ndiyo maana MP3 ya 128 inaweza kukupendeza kabisa studio, kisha ukaisikia kwenye redio ya dereva ikiwa na mchakacho kama karatasi. Wengi huilaumu transmita. FM yenyewe hubeba sauti hadi kilohezi 15 (kilohezi zikiongezeka, mlio ni mwembamba zaidi), inatosha kabisa. Mchakacho umetoka kwenye faili. Muziki wa kurushwa hewani uwe WAV au FLAC, faili linalobanwa bila kutupa kitu. Ikishindikana, MP3 ya 256 au 320 iliyotengenezwa mara moja kutoka kwenye nakala ya asili.

Nasema kutoka kwenye nakala ya asili kwa sababu namba 320 haisemi historia ya faili. Wimbo uliopakuliwa YouTube na kugeuzwa MP3 ya 320 ni wimbo uliobanwa mara mbili, umevaa koti pana. Fungueni picha ya spektra ya faili, inayoonyesha milio yake kutoka ya chini hadi ya juu; hiyo hiyo Audacity inayo. Faili jema lina rangi hadi karibu na kilohezi 20. Lililowahi kupita kwenye MP3 ndogo mara nyingi limekatwa kama kwa rula kwenye 16, na juu yake ni weusi mtupu. Si ushahidi wa mwisho, maana kaseti za zamani na maikrofoni nyingine hazifiki huko, lakini mkato ulionyooka namna ile hautengenezwi na kaseti.

Kuhusu maneno ya Kiswahili, jifunzeni kusikiliza konsonanti. Tofauti ya saba na shaba, ya thamani na samani, imekaa kwenye upepo unaopita menoni, na upepo huo uko juu. Simu ya kawaida huikata sauti kwenye kilohezi 3.4, ndiyo maana msikilizaji akipiga na kusema thamani ya nyumba imepanda, mwingine husikia samani. Kodeki za kiwango cha chini hufanya jambo la karibu na hilo: zinautunza mwili wa vokali na kuukisia upepo. Mtangazaji mkimsikia s zake zinalia kama maji, msiguse ikwalaiza, kirekebishi cha besi na milio ya juu, kwanza. Angalieni faili lilipita wapi.

Mtasikia watu wakisema redio ya kidijitali itayamaliza haya yote. Wapelekeni Uingereza. Mfumo wa DAB, ambao BBC iliuanza mwaka 1995, hutumia MP2, kodeki iliyotangulia MP3. Vituo hurushwa kwa kundi kwenye multipleksi moja, yaani mkondo mmoja wanaogawana, yenye kama kilobiti 1,150 kwa sekunde, na kila kituo kinachoongezwa kinakula kwenye sahani ileile. Mwaka 2006 Radio 3 ya BBC, kituo cha muziki wa okestra, kilishushwa kutoka 192 hadi 160. Wasikilizaji wakalalamika, 192 ikarudishwa. Vituo kadhaa vya biashara viliishia kwenye mono ya 80. Mawimbi yanakuja safi bila kelele za FM, ila sauti iliyomo imenyimwa chakula. DAB+ iliyofuata mwaka 2007 hutumia AAC ya aina inayoweza kutotuma milio ya juu kabisa, ikaitengeneza upya ndani ya redio kwa kunakili ya chini. Kwa biti chache inashangaza kwa uzuri, na Norway ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017 ikiutegemea mfumo huo. Lakini kumbukeni ule upepo wa menoni: umetengenezwa, haukutumwa.

Na redio ya kidijitali ikipoteza mawimbi haififii polepole kwa mshindo wa kelele kama FM. Ile ya MP2 hububujika kama uji jikoni, kisha kimya. Sisi huku redio ya kidijitali tunaipata zaidi kwenye simu na kwenye king'amuzi, lakini sahani ni ileile na walaji wanaongezeka. Mkipewa nafasi ya kuuliza mnapokodi nafasi ya kurusha, ulizeni tutapewa biti ngapi, kwa kodeki gani, kabla ya kuuliza bei.

Kwa upande wa hifadhi, narekodi kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, biti 24, WAV. Kilele cha sauti nakiacha chini kidogo ya mwisho, walau desibeli moja, maana kodeki ikifungua faili lililojazwa hadi ukingoni huweza kuvuka ukingo na kukwaruza. MP3 natengeneza ya kumpa mtu mkononi, na jina la faili linasema hivyo.

Chini ya meza ya miksa kuna sanduku la kaseti ambazo hazijahamishwa. Zile zenye ukungu mweupe kwenye utepe zitengeni, msizitie kwenye deki mpaka zisafishwe. Zilizobaki anzeni nazo wiki hii, na ukanda ukianza kuzunguka, faili linaloandikwa liwe WAV.