Ukionacho kwenye skrini sicho kilichomo kwenye stringi

Ndugu uliyeuliza kwa nini lugha ya programu ya Python inakuonyesha njia ya faili yenye \\ mbilimbili, na kwa nini "150 000" inakataa kugeuka namba ilhali ukiichapisha iko sawa: dawa ni moja, acha kuiamini print unapotafuta kosa.

Hizo \\ zisikusumbue. print hutoa herufi zenyewe, asome mtu. repr huiandika stringi (yaani kipande cha maandishi) jinsi ungeiandika wewe ndani ya programu: inaweka alama za nukuu, mstari mpya unakuwa \n, na kila \ inaandikwa mara mbili. Ukichapisha orodha nzima, vilivyomo vinatoka kwa mtindo wa repr. Ndani mna \ moja tu. Jaribu len('\\'), utajibiwa 1. Waliokushauri kuzifuta kwa replace watakuharibia njia ya faili, maana itakayofutwa ni hiyo moja iliyomo.

La 150 000 ndilo lenye kazi. Mimi nashughulikia orodha za minervali, yaani karo, za shule moja hapa Bukavu, upande wa Kadutu, na kompyuta ya mhasibu ina Excel ya Kifaransa. Kisanduku kinahifadhi 150000, lakini kinaonyesha 150 000, na ukihifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu), Excel inaandika kile kinachoonekana. Tena nafasi hiyo siyo ile ya kibonyezo kirefu cha kibodi. Ni nafasi isiyokatika, iliyowekwa ili namba isigawanyike mwishoni mwa mstari. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tazama:

print(kiasi) → 150 000
repr(kiasi) → '150\xa0000'

(Baada ya \x zinahesabiwa herufi mbili tu, yaani a0. Sufuri tatu zinazofuata ni za faranga zako.)

Ndiyo maana replace(' ', '') haigusi kitu na int, inayogeuza maandishi kuwa namba, inagoma. Kompyuta nyingine huweka \u202f, ambayo ni nyembamba zaidi, kwa hiyo usifukuzane na moja moja. Andika int(''.join(kiasi.split())), kwani split isiyopewa kitu inazikata nafasi za aina zote hizo. Bora zaidi, mwombe mhasibu aondoe mtindo wa maelfu kwenye safu hiyo kabla ya kukupa faili.

Ukikuta safu ya kwanza "Jina" ipo lakini programu inadai haipo, chapisha repr yake. Huenda ni '\ufeffJina': Excel imeweka mwanzoni mwa faili alama isiyoonekana, ya kutambulisha kuwa herufi zimehifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8. Fungua kwa encoding='utf-8-sig', basi.

Kuna moja ambalo hata repr hailifichui. Mzazi yuko dirishani na risiti mkononi, mhasibu anamwona Hélène kwenye orodha ya waliolipa, programu inasema hajalipa. Majina mawili yanafanana kabisa. Ila é inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, U+00E9 (ndiyo namba yake katika Unicode), au kama e ya kawaida ikifuatiwa na kialama chake peke yake, U+0301; è nayo vivyo hivyo, kialama chake ni U+0300. Jina lile lile linapata urefu wa 6 huku na 8 kule, na == inajibu False. Hapo tumia ascii(jina), ambayo ni kama repr ila kila herufi isiyo ya kawaida ya Kiingereza huiandika kwa namba yake; itakutolea 'He\u0301le\u0300ne' bila aibu. Kisha pitisha kila jina kwenye unicodedata.normalize('NFC', jina), inayounganisha e na kialama chake kuwa herufi moja, linapoingia, kabla ya kulihifadhi. Ukingoja wakati wa kulinganisha, siku moja utasahau sehemu moja na mzazi atarudi dirishani.

Kama bado inagoma, usitume tena picha ya skrini. Bandika hapa ascii() ya mstari mmoja unaokataa, lakini badilisha kwanza jina la mtoto.